Vipimo vya Bondeni

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Tupokigwe aliamka, akapuliza makaa ya jikoni mpaka moto ukashika, akabandika sufuria ya maji ya uji. Kisha alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akachukua daftari na kalamu, akashuka bondeni. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumbani kwao, lakini kwa baridi ya kijiji cha Isongwa dakika hizo zilikuwa ndefu.

Isongwa ni kijiji cha milimani, mbali kidogo na Mbeya mjini. Watu wake hulima viazi mviringo, njegere na pareto. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko si ya mchezo. Wazee walisimulia kwamba zamani bonde la Isongwa lilikuwa likipata jalidi, yaani umande unaoganda na kuwa mweupe kama chumvi, ukaunguza kila mmea. Lakini miaka ya karibuni hali ya hewa ilikuwa imebadilika. Wengine walisema jalidi imekwisha kabisa. Wengine walisema bado ipo. Hakuna aliyekuwa na uhakika, na bonde lile lenye udongo mzuri na maji ya kijito lilibaki bila kulimwa kila kiangazi.

Ndipo mwezi wa tano Bi Faustina alipofika shuleni. Alikuwa mtafiti kutoka Iringa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Mwalimu Ombeni, aliyefundisha Jiografia, alimkaribisha Darasa la Sita, darasa la Tupokigwe na rafiki yake Yusta.

"Mnajua setilaiti ni nini?" aliuliza Bi Faustina.

"Ni kile kinacholeta televisheni!" akajibu mmoja, na wote wakacheka.

"Hiyo ni mojawapo. Ninayoitumia mimi inazunguka dunia huko juu sana, na kila inapopita inapima joto la uso wa ardhi. Lakini ina udhaifu wake. Penye ukungu haioni kitu. Na hata pasipo na ukungu, inachukua eneo kubwa kwa mara moja, kilima na bonde pamoja. Kwa hiyo nahitaji watu wa kunisaidia. Setilaiti ni jicho la juu. Ninyi mtakuwa jicho la chini."

Aliweka vipimajoto vitatu. Kimoja kiliwekwa shuleni, cha pili kwenye mteremko karibu na kwa kina Yusta, na cha tatu bondeni, karibu na kwa kina Tupokigwe. Kila kimoja kililazwa juu ya udongo kati ya vijiti viwili. Kazi ilikuwa kukisoma kila siku saa kumi na mbili asubuhi na kuandika namba. Tupokigwe alifurahi mno kuchaguliwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hajawahi kupewa kitu cha kioo cha mtu mwingine akitunze.

Kwa wiki tatu alifanya kazi yake barabara. Nyuzi tano, nyuzi nne, nyuzi sita. Shule ikafungwa kwa likizo ya mwezi wa sita, naye akaendelea.

Siku moja katikati ya mwezi huo, alishuka bondeni akakuta kitu ambacho hajawahi kukiona. Majani yote yalikuwa meupe. Aliyakanyaga, yakalia kama makapi makavu. Alicheka peke yake, akaanza kukimbia ili akione kipimajoto kinasema nini. Mguu ukateleza. Alianguka kwa goti, na chini ya goti lake akasikia mlio mdogo.

Alipoinuka, kipimajoto kilikuwa vipande vitatu. Tone la rangi nyekundu lilikuwa limemwagika juu ya majani meupe.

Tupokigwe alichuchumaa pale muda mrefu, vidole vimekufa ganzi. Aliwaza jinsi Bi Faustina alivyomkabidhi kipimajoto kwa mikono miwili. Aliwaza Mwalimu Ombeni atakavyomtazama. Mwisho alichimba shimo kwa kijiti kando ya kijito, akavifukia vile vipande, akaweka jiwe juu. Kisha akafungua daftari. Jana yake ilikuwa nyuzi sita. Akaandika: nyuzi tano.

"Kesho nitasema," alijiambia.

Kesho yake hakusema. Aliandika nyuzi sita akiwa amekaa jikoni kando ya moto. Siku iliyofuata aliandika nyuzi nne. Aliona ni rahisi. Hakukuwa na haja ya kushuka bondeni tena, ila alitoka nje kila asubuhi na kusimama nyuma ya zizi la ng'ombe mpaka muda upite, ili mama yake, Mama Sabina, asishuku. Alisimama hapo akitetemeka, akisikiliza ng'ombe wakicheua, na akagundua kwamba kazi ya uongo nayo ina baridi yake.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa saba, Mwalimu Ombeni alikusanya madaftari. La Yusta lilikuwa na madoa ya matope, na siku mbili alizougua alikuwa ameziacha wazi. La Tupokigwe lilikuwa safi, kila siku na namba yake.

"Tazameni!" Mwalimu aliliinua juu. "Hajakosa hata siku moja, likizo nzima! Hii ndiyo bidii."

Wanafunzi walipiga makofi. Tupokigwe aliangalia dawati lake. Alitamani makofi yale yaishe.

Wakati wa mapumziko Yusta alimfuata. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. "Tupo, mbona namba zako ni za juu kuliko zangu? Mimi niko mlimani, nimepata nyuzi mbili. Wewe uko chini umepata tano. Hewa ya baridi si inatiririka kwenda bondeni? Mwalimu alitufundisha."

"Kwa hiyo unasema mimi mwongo?" Tupokigwe alipaza sauti mpaka wengine wakageuka.

"Sijasema hivyo. Nimeuliza tu."

"Wewe una wivu kwa sababu daftari lako chafu!"

Yusta alimtazama kwa mshangao, akaondoka. Kuanzia siku ile hawakurudi nyumbani pamoja.

Wiki ile, baada ya kutumiwa namba za madaftari, Bi Faustina alipiga simu. Mwalimu Ombeni alimwita Tupokigwe ofisini, akaweka sauti ya simu juu ili asikie.

"Mwalimu, nina tatizo dogo," alisema Bi Faustina. "Mwezi wa sita kulikuwa na siku nne ambazo usiku bonde halikuwa na ukungu. Siku zote hizo setilaiti inaniambia ardhi ilikaribia kuganda. Lakini daftari la binti linasema nyuzi tano, nyuzi sita. Tupokigwe, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Bi Faustina. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuwa ukisoma saa kumi na mbili kamili?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kutoka. Lakini Mwalimu Ombeni alikuwa akimtazama huku akitabasamu, na ulimi wake ukasema wenyewe, "Ndiyo."

"Basi kosa litakuwa langu. Mtu aliyekuwepo pale anajua zaidi kuliko chombo kilichoko angani. Nitarekebisha hesabu zangu zifuate vipimo vyako."

Tupokigwe alirudi darasani. Kama Bi Faustina angemgombeza, ingekuwa afadhali. Kuaminiwa naye ndiko kulikomfunga.

Habari zikasambaa kijijini kwamba wataalamu wamepima, na bonde halina jalidi tena. Jioni moja Bi Esta, mjane mwenye shamba jirani na kiongozi wa kikundi cha wanawake wakulima wa viazi, alikuja kwao. Mama Sabina naye alikuwa mwanakikundi.

"Ugonile, mwanangu," Bi Esta alimsalimu kwa Kinyakyusa, akaketi kwenye kigoda. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama Sabina, tumekubaliana. Mbegu zote za kikundi tunazipanda bondeni mwezi huu. Kijito kipo, tutamwagilia. Mvua zikianza, sisi tutakuwa na mbegu mpya wakati wengine ndio kwanza wanatafuta."

"Mbegu zote?" aliuliza Mama Sabina. "Tusibakize kidogo?"

"Tubakize za nini? Zimekwisha chipua, zikikaa zitanyauka. Na ushahidi tunao." Alimshika Tupokigwe bega. "Huyu hapa ndiye aliyetupimia. Mungu ambariki."

Tupokigwe alisema anakwenda kuchota maji, ingawa ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa. Alisimama nje gizagiza likiingia. Katika ghala ndogo ya kikundi kulikuwa na mbegu za kaya sita. Viazi hivyo vikiunguzwa na jalidi, kaya sita hazitakuwa na cha kupanda mvua za kwanza, na yao ni mojawapo. Alijaribu kufikiria njia ya kuzuia upandaji bila kusema ukweli. Aseme ameota ndoto mbaya? Aseme kuna panya bondeni? Kila njia aliyoifikiria ilimrudisha kwenye shimo lile kando ya kijito.

Siku tatu baadaye, Mwalimu Ombeni alileta habari nyingine. Bi Faustina alikuwa akiwakutanisha wakulima wa nyanda za juu huko Iringa ili awaonyeshe ramani ya jalidi, na alitaka Tupokigwe aje asome vipimo vyake mbele yao.

"Siwezi, Mwalimu. Ninaumwa tumbo," alisema Tupokigwe.

"Ni woga tu. Tutakwenda wote."

Gari la mradi liliwachukua alfajiri. Walipita Makambako, wakapita Mafinga na misitu yake ya misonobari iliyopangwa mistari, na kila kibao cha barabarani kilichoonyesha kwamba Iringa inakaribia kilimfanya ageuze macho. Mwalimu Ombeni alimwelekeza hiki na kile njiani. Yeye aliitikia tu, "Ndiyo, Mwalimu," daftari likiwa mapajani kama jiwe la kusagia.

Walifika mapema. Bi Faustina aliwapokea ofisini kwake, akamwonyesha Tupokigwe picha kubwa ya mlima kwenye kompyuta.

"Huu ni Kilimanjaro kama setilaiti inavyouona. Nilianza kazi hii kwa kusoma milima mirefu. Huko juu kabisa kuna sehemu ambazo ardhi yenyewe imeganda, si theluji ya juu, bali udongo na mawe ya chini. Haiyeyuki mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka."

"Setilaiti inaiona?" Tupokigwe aliuliza. Kwa dakika moja alikuwa amesahau shida yake.

"Hapana. Imejificha chini ya mchanga na mawe. Setilaiti inaona joto la juu tu. Lazima watu wapande, wazike vipimajoto ardhini, warudi kuvisoma. Vipimo vya mtu na vya setilaiti vikikubaliana sehemu chache, tunaweza kukadiria mlima mzima, hata pale asipofika mtu. Unaona? Namba moja ya kweli inaangaza eneo kubwa."

"Na namba ya uongo?" Sauti ya Tupokigwe ilikuwa ndogo.

Bi Faustina alicheka kidogo. "Hiyo nayo inatia giza eneo kubwa vilevile. Ndiyo maana nashukuru kupata watu kama wewe. Twende, wameshaingia."

Ukumbini walikuwa wameketi wakulima kama ishirini. Wengine walitoka Kilolo, wengine Igowole. Ukutani ilimulikwa ramani ya milima. Penye hatari ya jalidi palikuwa pekundu, penye usalama palikuwa kijani. Bonde la Isongwa lilikuwa kijani. Tupokigwe alilitambua kwa jinsi kijito kilivyopinda. Kijani kile alikuwa amekipaka yeye, jikoni, kando ya moto.

Alisimama mbele akasoma. "Tarehe kumi na tano, nyuzi tano. Tarehe kumi na sita, nyuzi sita." Sauti yake ilisikika kama ya mtu mwingine. Alipomaliza, wakapiga makofi.

Mama mmoja wa makamo, mkulima kutoka Igowole, aliinua mkono. "Mwanangu, mimi sijui mambo ya nyuzi. Nataka kuuliza jambo la kikulima. Hizo asubuhi ulizoshuka bondeni, majani yalikuwa na rangi gani?"

Lilikuwa swali jepesi kabisa. Neno moja tu lilitosha: kijani. Tupokigwe alifungua kinywa alitamke. Lakini aliona majani yale mbele ya macho yake, akaona na tone jekundu juu yake, na neno likagoma kutoka.

"Yalikuwa meupe," alisema.

"Meupe?"

"Yalikuwa meupe kama chumvi. Nilianguka nikavunja kipimajoto. Sikukisoma siku ile, wala siku zilizofuata. Namba hizi nimezitunga." Machozi yalimtoka. "Bonde lina jalidi. Nimeiona kwa macho yangu. Na mama yangu na Bi Esta wanataka kupanda mbegu zao zote pale."

Mwalimu Ombeni alikuwa ameshika kichwa. Bi Faustina alimkaribia, akachukua daftari mikononi mwake, akauliza jambo moja tu: "Wanapanda lini?"

"Wiki hii."

"Mwalimu, piga simu sasa hivi."

Simu ya Mama Sabina iliita mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne alipokea, akihema. Alikuwa shambani. Walikuwa wamekwisha panda matuta manane tangu asubuhi.

"Mama," Tupokigwe alisema, "acheni kupanda. Nimewadanganya."

"Rudi nyumbani," mama yake alisema. "Utaniambia yote ukiwa mbele yangu."

Njiani kurudi Mwalimu Ombeni hakumwelekeza kitu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, Tupokigwe alilala usingizi wa kweli, kichwa kikigongagonga kioo cha gari.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Bi Esta alimngoja bondeni akiwa na jembe. Hakumsalimu kwa Kinyakyusa wala kwa lugha yoyote. Alimwonyesha matuta manane. "Viazi vyote vitoke. Kwa mkono, si kwa jembe, usije ukavunja vichipukizi."

Tupokigwe alipiga magoti akaanza kufukua. Udongo ulikuwa baridi kama chuma. Mama yake alifukua tuta la pili. Baada ya muda mtu alipiga magoti kwenye tuta la tatu. Alikuwa Yusta.

"Samahani," Tupokigwe alisema bila kuinua macho. "Swali lako lilikuwa la haki."

"Najua," Yusta alijibu. "Sogeza kikapu huku."

Pamoja na uangalifu wao wote, viazi vingi vilivunjika vichipukizi, na Bi Esta alivitenga kwenye kiroba peke yake. Kilijaa. Hivyo havikufaa tena kwa mbegu. Vilivyobaki walivipanda juu kwenye mteremko, mahali ambapo maji yalilazimika kubebwa kwa ndoo. Mama Sabina aliamua nani atakayebeba: Tupokigwe, kila jioni, mpaka mvua zije.

Bi Faustina alituma kipimajoto kipya pamoja na ujumbe ambao Mwalimu Ombeni alimsomea: "Mwambie apige mstari kwenye namba zote alizotunga, aandike ‘Sikupima'. Kuanzia sasa, siku akishindwa kupima aiache wazi. Nafasi iliyo wazi hainipotezi njia."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Mwalimu Ombeni alishuka naye bondeni, akiwa amejifunga shuka shingoni. Bi Esta na Mama Sabina walikuja pia. Majani yalikuwa meupe mpaka ng'ambo ya kijito. Tupokigwe aliinama, akasoma kwa sauti: "Nyuzi mbili chini ya sifuri." Mama yake aliyatazama matuta yale manane yaliyoachwa tupu, yakiwa yamefunikwa na weupe ule, akavuta pumzi ndefu. Kisha akavua kitenge chake cha juu akamfunika binti yake mabegani.

Wakiwa wanapanda kurudi, Mwalimu Ombeni alisimama kupumzika.

"Tupokigwe, nami nina kosa langu," alisema. "Nilisifu mwandiko, sikushuka bondeni hata siku moja kuona. Nimemwambia Bi Faustina hivyo. Sasa nisikilize. Kuvunja kipimajoto halikuwa kosa, ilikuwa ajali, na kingeletwa kingine ndani ya wiki moja. Uongo ule wa kwanza ulikuwa mdogo, lakini uliomba wa pili ili usionekane, na wa pili ukaomba wa tatu, mpaka ukakunyang'anya rafiki, usingizi, na ukakaribia kukinyang'anya kijiji mbegu. Mtu anayesema uongo hudhani amejificha, kumbe amejifungia. Na mlango wa kutokea ni ule ule kila siku, kusema kweli. Tofauti ni kwamba kila siku unayochelewa, wenzako wanalipia. Ukivunja kitu tena, njoo uniambie siku ile ile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Haya, wahi shule. Na uji unywe kwanza."